Mjomba, ile mbuzi ya nazi ya bibi nimeikuza mara tano

Shikamoo mjomba. Najua simu hupendi kukaa nayo, na siku ile kwenye kumbukumbu ya bibi tulikatishwa na wageni, kwaiyo naandika huku wazi, wanao watakusomea, na wengine wanaoniuliza swali lako lilelile nao wapate jibu. Uliniuliza, mbao zote hizo si ungetoa madawati mangapi? Madawati bado natengeneza mjomba, wiki iliyopita tu nimekabidhi 20, ndo yanayotulisha. Ila kwa hii mbuzi kubwa niliyoichonga kwa kufuata ile ya bibi, naomba unisikilize kidogo.

Bibi alipofariki kila mtu alibeba chake, mi nikabeba mbuzi ya nazi. Nimekunia ile kitu tangu mdogo mpaka vidole vinachubuka, lakini siku niliyoiwekea tepu nichukue vipimo ndo nikagundua sikuwahi kuiangalia. Pale pa kukalia hapajalala sawa, panashuka kuelekea kwenye meno kama sentimita mbili, ndo maana ukikaa tu mgongo unainama wenyewe na mikono inafika kwenye bakuli bila kujivuta. Halafu upande wa kulia pana kibonyeo, unakumbuka bibi alikuwa anakaa upande, miguu yote pamoja, kanga ameibana magotini? Basi paja lake limekula mbao milimita nne. Nne tu, kwa macho huoni, unaisikia kwa kidole. Sasa ukikuza mara tano milimita nne zinakuwa sentimita mbili, yaani unaweka kiganja kinalala humo. Nilishashika randa nisawazishe, mkono umeshazoea kunyoosha kila kitu, nikaiweka chini. Kile kibonyeo nimekichonga kwa patasi ya mviringo siku tatu, na ndo sehemu niliyoipiga msasa kuliko zote.

Uzito ndo ulinishtua. Ya bibi ina kilo moja na robo. Mara tano urefu, mara tano upana, mara tano unene, hiyo ni mara 125 mjomba, inakuja kilo 156! Urefu mita mbili na sentimita kumi. Ule msumari mmoja unaoshika mbao mbili zinapopishana nimeuweka kigingi cha mkwaju, kinene kama mpini wa jembe, na inakunja na kukunjua kama ile ya jikoni, ila kuinyanyua tulikuwa vijana sita.

Sikuanza na mbuzi lakini, nilianza na mwiko, na hili sijawahi kukwambia. Kulikuwa na mwembe umeanguka kwa jirani, gogo zuri, nikaona nitoe mwiko wa mita mbili na nusu kwa kipande kimoja. Tangu nina miaka 14 unaniambia usichonge pamoja na moyo wa mti, na mi nikachonga na moyo wake, mti mbichi tena. Wiki ya tatu usiku nikasikia mlio, paa! asubuhi mwiko una ufa kuanzia kichwani hadi katikati ya mpini, vidole viwili vinaingia. Niliumia sana. Mti ukikauka unasinyaa kwa kuzunguka zile pete karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda ganda, kwa urefu hausinyai cha maana, sasa gogo zima lenye moyo ndani litakwepaje kupasuka? Mwiko wa jikoni unatoka kwenye kipande cha pembeni, chembamba, unakauka wote kwa pamoja, huwezi kuliona hilo. Ukubwa unakuonyesha kila ulichokuwa unakipita.

Kwaiyo mbuzi nilipasua mbao za inchi mbili, moyo nikautupa, vichwa vyote nikavipaka rangi ili visikauke haraka kuliko katikati, nikazipanga na vijiti kivulini zaidi ya mwaka na nusu. Kisha nikaziunga ubavu kwa ubavu kwa gundi na klampu. Mwembe tena, ndio, kama ulivyokuwa unanisimulia habari za Wakamba wachongaji wa Changamwe, muhugu ulipoadimika wakahamia mwembe na mwarobaini, na kazi haikufa.

Kuna mji mdogo Marekani unaitwa Casey, jimbo la Illinois, watu hawafiki 3,000, wana kiti cha kubembea cha mbao kirefu zaidi ya mita 17. Kilitengenezwa 2015 na kipo kwenye rekodi za Guinness, na kilitakiwa kibembee kweli, siyo sanamu ya kiti. Hilo nimelishika sana. Kitu kikubwa kisichofanya kazi yake mi sikitaki.

Juzi mama mmoja wa hapa mtaani, mtu mzima, alisimama akaitazama mbuzi muda mrefu halafu akaomba apande. Tukamwekea stuli. Akakaa upande, kanga akaibana, na mikono yake ikaenda mbele yenyewe, wa kulia kama umeshika kifuu. Hakusema kitu. Mjomba, mi ndo nilichokuwa natafuta hicho, na dawati haliwezi kunipa.

Sasa kilichobaki ni meno na ndo ninapokuhitaji. Sitaki chuma. Ulimi wake unatakiwa upana sentimita 22, mpingo wa upana huo siupati na hata nikiupata roho itaniuma kuukata, kwaiyo nina pande la moyo wa mkwaju, kavu, gumu kama jiwe. Nimechonga jino moja la majaribio nikakunia nazi, likatoa utepe mmoja mnene wa kidole, mweupe, haukukatika! Meno ya bibi yalikuwa 17, nimeyahesabu. Ila patasi zangu zinarudi butu kila baada ya dakika chache na nyuzi za huu mti zinageuka huku na huku.

Ile tezo yako ndogo ya mpini wa mpera bado ipo? Njoo nayo. Nauli ntatuma Ijumaa, na kitanda cha chini nimeshakitandika.