Nguvu ya siku tatu: kwa nini gari inarudi uzito baada ya kuchomolewa betri

Jumamosi alitujia gerejini mteja uso umekunjana, hata salamu aliitoa nusu. Gari yake, Toyota IST, tuliipima wiki moja nyuma. Ilikuwa nzito kupanda na inakula mafuta. Tukamwambia inataka kufunguliwa manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa), kusafishwa nozeli za kupulizia petroli, plagi mpya na vali ya kupumulia injini, jumla shilingi 150,000. Akasema atafikiri. Akaenda kwa fundi mwengine, ikachomolewa taminali ya betri kwa robo saa, akatoa 10,000, na gari ikapanda "kama imeshushwa melini leo". Siku ya nne uzito ukarudi pale pale. Sasa kaja na neno lake: nyinyi mlitaka kunila.

Hatukumjibu vizuri siku ile. Tulikuwa na injini imefunguliwa juu ya meza na mvua inakuja. Tunamjibu hapa, yeye na wengine watano sita waliokwisha kuja na kesi hiyo hiyo.

Bwana, gari yako haikuharibika tena siku ya nne. Ilikuwa haijatengenezwa. Kilichofutwa ni kumbukumbu ya kompyuta inayoongoza injini, na siku tatu ndizo zilizoitosha kompyuta kujua upya kwa nini ilikuwa ikikubana.

Kwanza tuelewane maneno. Mtu akisema "injini imenoki" anakusudia imekufa: beringi za konrodi zimekwisha, chuma kinapiga chuma. Hiyo ni kesi nyengine na kompyuta haina la kuisaidia. Tunalolisema hapa ni kugonga, ule mlio mwembamba, kama kokoto ndani ya kopo la maziwa, unaousikia gari ikipanda na mzigo, mguu uko chini na gia ni kubwa. Plagi ikishatoa cheche, moto hutakiwa utambae kutoka kwenye plagi mpaka pembeni mwa silinda. Joto na mgandamizo vikizidi, petroli iliyobaki kule pembeni haingojei moto ufike. Inalipuka yenyewe kwa pamoja, na chumba kizima kinalia kama kengele iliyopigwa nyundo. Ukiendelea hivyo, pistoni haidumu.

Wazee wetu wa gereji walikuwa na dawa yake. Gari za distribyuta, kile kigawa moto wa plagi, zikigonga mlimani, fundi analegeza bolti, anaizungusha distribyuta kidogo ili moto uchelewe, anakaza, anapanda tena mlima kusikiliza. Moto ukichelewa kugonga kunakoma, lakini na nguvu inapungua. Ndiyo hesabu yenyewe mpaka leo. Sasa anayezungusha ni kompyuta, na sikio lake ni noki sensa.

Sensa hiyo ni kitu kidogo cha duara kilichofungwa kwa bolti kwenye bloku. Ndani yake mna fuwele inayotoa umeme ikitikiswa. Mlio wa kugonga una sauti yake, kwa injini nyingi ni mitikisiko kama 6,000 hadi 7,000 kwa sekunde, na kompyuta haisikilizi wakati wote. Inatega sikio muda mfupi tu baada ya kila silinda kupigwa cheche, basi. Ikisikia mlio uliopita kelele za kawaida za injini, inarudisha moto nyuma, yaani inauchelewesha, digrii chache papo hapo. Kisha inaurejesha mbele taratibu, nusunusu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Yakirudi ya kugonga, inarudi nyuma tena. Ikiona mambo ni hayo hayo kila siku, inaandika katika kumbukumbu: gari hii moto wake uanzie nyuma. Hapo ndipo wewe unaposema gari imekuwa nzito.

Ukichomoa betri, daftari hilo linafutwa. Kompyuta inaanza na moto wa kiwandani, gari inaruka, wewe unafurahi, na ndani pistoni zinapigwa mpaka kompyuta itakapojifunza upya. Na sisi hufuta kumbukumbu, hatukatai. Ila tunafuta mwisho, baada ya kuondoa kilichokuwa kinagongesha, ili gari isiendelee kubanwa kwa kosa lililokwisha.

Kinachogongesha ni nini? Kwenye IST ile, tuliichungulia kwa kamera kupitia matundu ya plagi: masizi yamefanya ganda juu ya pistoni. Vali ya kupumulia imekwama, oili inavutwa ndani ya manifoldi na kuungua pamoja na petroli, na oili ikichanganyika na petroli inaifanya iwe nyepesi kugonga. Injini yenyewe inagandamiza hewa na petroli mara 10.5, haina nafasi ya masihara. Wengine husema mafuta yetu mabaya. Huenda, hasa ukinunua ya chupa kando ya njia na ikawa imeingia mafuta ya taa ndani yake, hayo hugonga vibaya sana. Lakini gari hizi zimeundwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake kinaanzia oktani 89 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga). Si gari za kudekezwa. Tukiambiwa "mafuta mabaya" huwa tunaangalia kwanza radiata. Thamostati, ile vali ya kuongoza joto la maji, imetolewa, kulanti (dawa ya radiata) hamna, maji ya mfereji, feni moja haizunguki. Injini inayochemka inagonga hata ukiitilia petroli nzuri kuliko zote.

Halafu kuna njia ya mkato iliyo mbaya kuliko ya betri, na hii tutaisema kwa kirefu.

Sensa ikifa au waya wake ukiliwa na panya, taa ya injini inawaka, mashine ya kuisomea kompyuta inaonesha P0325, namba ya kosa la noki sensa. Gari nyingi za Toyota zikikosa sikio hilo hurudisha moto nyuma kabisa kwa usalama, gari inakuwa nzito kama ya kusukuma. Noah moja ya kubebea karafuu ilitufikia hivyo katikati ya msimu. Tukampa mwenyewe bei. Akaona nyingi, maana sensa imejificha na kazi ya kuifikia ni kubwa kuliko sensa yenyewe. Akarudi baada ya miezi miwili na moshi wa buluu. Kufungua boneti tukaikuta noki sensa ya mtumba imefungwa kwa kamba ya plastiki kando ya betri! Waya umechomekwa, umeme unapita, taa imezima, kompyuta imeridhika. Lakini sikio linasikiliza betri. Gari imepandishwa milima ya Wete, Pemba, na magunia mpaka juu, moto uko mbele kabisa, inagonga na hakuna wa kuirudisha. Pistoni ya tatu ilikatika kwenye njia ya ringi. Injini ya mtumba kutoka Dar, na meli, na ufundi, zikapita shilingi 1,500,000. Na msimu ukaisha gari iko juu ya mawe.

Kwa hiyo mtu akituuliza kwa nini kubadilisha sensa kwenye Harrier ya V6 ni kazi ya siku nzima, jibu ni kwamba ziko mbili, zimelala bondeni katikati ya injini chini ya manifoldi. Kuzifikia ni kufungua juu yote na gasketi mpya. Kiti cha sensa kinasafishwa mpaka chuma kiwe cheupe, hakuna washa wala grisi, na zile za duara zenye tundu katikati bolti yake inakazwa kwa spana ya kipimo, nyutani mita 20. Ikilegea haisikii, ikikazwa kwa hasira inasikia vibaya.

Wala hatuuzi sensa kwa kila taa. Kuna RAV4 iliyobadilishwa sensa mara mbili kwengine, na tatizo lilikuwa bolti moja ya mkono unaoshika alteneta, ile jenereta ya kuchaji betri, imeanguka: chuma kinatetema, kompyuta inadhani ni kugonga. Tulitia bolti, tukatoza 5,000. Mwenyewe akalalamika kuwa 5,000 kwa bolti moja ni nyingi.

Na wanaouliza kwa nini tunaitembeza gari yao na kuwachomea mafuta: gari haigongi ikiwa imeegeshwa uani. Tunapanda nayo njia ya Wete, mashine imechomekwa, mmoja anaendesha, mwengine anaangalia namba za moto.

Basi mkija, njooni na betri ambayo haijachomolewa. Daftari lile ndilo shahidi wetu, likishafutwa inabidi tuizungushe gari siku mbili kabla haijatuambia kitu. Na tangi lisiwe kwenye taa.