Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: Goma wanasema Kiswahili

Mheshimiwa Waziri,

Ninauza magazeti Ngamiani, Tanga. Kila alfajiri nayabana kwenye kamba kwa vibanio, na jua halijapanda watu wameshajaa kusoma vichwa vya habari. Kuna mama mmoja wa jirani hajui kusoma. Januari 2025 mwanawe, askari, alikuwa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Kila asubuhi aliniuliza, "Mwanangu, Goma wanasemaje leo?"

Wiki ile M23, kundi linalopigana na serikali ya Kongo, walipoiteka Goma, gazeti nililomfungulia lilikuwa na mpira ukurasa wa mbele. Goma niliikuta ndani, aya tano zilizotafsiriwa kutoka mashirika ya Ulaya, na hakuna mtu wa Goma aliyenukuliwa hata neno. Jioni yake kijana mmoja barazani akatusikilizisha sauti aliyotumiwa kwenye simu: "Maji haiko, tunachota ziwani." Mama alielewa kila neno.

Hapo ndipo panaponiuma. Watu wa Goma na Bukavu wanasema Kiswahili. Lakini kilio chao kinapelekwa Ulaya, kinageuzwa Kiingereza, ndipo kinaturudia sisi kimekatwakatwa.

Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walipokutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari tuliwaona vizuri, picha hazikukosekana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda inawasaidia M23, na Kigali inakana. Msomaji wangu anastahili kuelezwa yote mawili, na madini ya Rubaya, huko huko mashariki mwa Kongo, yanachimbwa kwa faida ya nani. Anaambiwa "waasi", basi.

Jeshi lilipothibitisha vifo vya askari wetu wawili, mama yule alikuwa na siku tatu hali chakula kwa uvumi. Wake alirudi salama, alhamdulillahi. Vita ina siri zake, nalijua hilo, wala siombi mtu atangaze kambi iko wapi.

Naomba uwawezeshe waandishi wetu, kuanzia wa vyombo vya umma, wakawasikilize Wakongo wenyewe. Kama Goma ni hatari, waanzie Nyarugusu, Kasulu, ambako wakimbizi kutoka Kongo wapo tangu 1996. Kuingia kambini ni kibali cha Serikali yako. Mkalimani hahitajiki.

Wako,
Muuza magazeti, Ngamiani, Tanga