Kuba la Wizernes halikumwagwa juu ya mirunda

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi nikiwa kimya, lakini makala yenu ya Jumapili kuhusu mahandaki ya roketi ya Wajerumani kaskazini mwa Ufaransa, ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, imenitoa mafichoni. Mnasema kuba la Wizernes lilimwagwa juu ya mirunda "kama ghorofa lolote", lina uzito wa tani 5,500, lilitobolewa na mabomu, na roketi zilizoipiga London zilirushwa hapo. Hakuna hata moja lililo sahihi.

Kuba lile lina kipenyo cha mita 71 na unene wa mita 5. Mirunda gani ingebeba mzigo huo, tena ndege za Uingereza na Marekani zikipita juu? Wajenzi wa Organisation Todt, shirika la ujenzi la Ujerumani ya Kinazi, walianza na paa. Juu ya machimbo ya mwamba laini wa chokaa walichimba mtaro wa mviringo, wakaujaza zege la nondo uwe ukingo. Mwamba uliobaki katikati ndio uliokuwa kalibu: nondo zikalazwa juu yake, zege likamwagwa. Lilipokaza ndipo wakachimba chini yake, wakikingwa na paa lao wenyewe. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba unapunguza kila siku mwamba uleule unaolibeba paa, na usipowahi kujenga egemeo jipya, mtikisiko wa pembeni unatosha kukuharibia kazi. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 17 Julai 1944. Mabomu ya Tallboy, yenye tani tano na ushei kila moja, hayakulitoboa kuba. Yalipiga kando, kilima kikaporomoka, egemeo likalegea na milango ya kutolea roketi ikafukiwa. Mradi ukaachwa mwezi huohuo. Hakuna roketi iliyowahi kuruka kutoka Wizernes. Zile za London, kuanzia tarehe 8 Septemba 1944, zilirushwa Uholanzi na vikosi vya magari, juu ya meza ya chuma iliyowekwa barabarani au msituni. Pale kwenye kilima hapakuhitajika.

Mkaongeza kwamba Éperlecques, ngome nyingine ya roketi karibu na Watten, "iliharibiwa kidogo". Tarehe 27 Agosti 1943 ndege 187 za Marekani zililikuta zege la upande wa kaskazini likiwa bado bichi. Fundi yeyote anajua maana yake: mbao zinapasuka, nondo zinapinda na kutoka mahali pake, kisha lundo zima linakaza likiwa limejipinda hivyohivyo. Hulivunji kwa nyundo, wala hulimwagii zege jipya juu ukategemea vishikane. Wajerumani wakaususa upande ule. Kwenye jengo la kusini wakamwaga kwanza bamba la paa likiwa chini, unene mita 5, tani 37,000, kisha wakaliinua kidogo kidogo kwa jeki za maji huku kuta zikijengwa chini yake. Kazi yote hiyo iliishia kuwa kinga ya mitambo ya oksijeni ya kimiminika, iliyohitajika kuunguza mafuta ya roketi, na ambayo huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri na kuvukia njiani ukiisafirisha mbali. Na hao mnaowaita "mafundi hodari wa Kijerumani", ni nani waliobeba saruji? Wafungwa wa Kisovieti, Wapolandi, Wabelgiji, na vijana wa Kifaransa waliolazimishwa kwa sheria ya kazi ya Februari 1943, kwa zamu za saa 12, usiku na mchana! Katika ukurasa mzima hamkuwapa hata sentensi moja.

Na Mimoyecques, eneo jingine la huko huko, hapakuwa pa roketi. Silaha ya pale, V-3, ilikuwa mizinga mirefu iliyofukiwa kilimani. Niliwahi kuwaandikia kuhusu hilo nikaambiwa nafasi haitoshi. Wiki ile nusu ya ukurasa ilikuwa tangazo la magodoro.

Ndiyo maana hata ghorofa likianguka hapa kwetu mnaandika "saruji ilikuwa haba" na kufunga habari. Hamuulizi zege lilimwagwa lini, lilimwagiliwa maji siku ngapi, mirunda ya chini ya boriti iling'olewa siku ya ngapi. Zege la siku 7 halina nguvu ya zege la siku 28.

Ninapendekeza chumba cha habari kinunue kikokotoo kimoja, cha bei ya chini kabisa. Nusu ya 71 ni 35.5, zidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa unene wa 5, kisha kwa tani 2.4 za kila mita ya ujazo. Mtapata zaidi ya tani 47,000 kabla ya kuhesabu mbinuko wa kuba. Uzito unaotajwa kwa kawaida ni tani 55,000. Sifuri yenu moja ilipotelea mtamboni, na ninaomba irudishwe Jumapili ijayo, ukurasa uleule, kwa herufi zenye ukubwa uleule.

Msimamizi wa zege mstaafu,
Tanga