Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: aliyepandikizwa mapafu akikohoa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mfamasia. Sikuombi kituo cha kupandikiza mapafu. Figo tumeanza kupandikiza Muhimbili mwaka 2017, Dodoma wakafuata 2018, hongereni. Ninayemwombea ni Mtanzania aliyewekewa mapafu nje ya nchi, akarudi nyumbani.

Huyo akikohoa, jirani atasema TB, na daktari naye atawaza TB. Hawajakosea. WHO imetuweka kati ya nchi 30 zenye TB nyingi, na mgonjwa huyu anameza dawa za kushusha kinga maisha yake yote. Lakini huenda ni fangasi. Aspajilasi, fangasi wa jamii ya ukungu, imo katika vumbi la ujenzi, samadi na majani yanayooza. Sote tunaivuta kila siku na haitufanyi kitu. Figo iliyopandikizwa imejificha tumboni, ila pafu linakutana na hewa ya nje tangu siku ya kwanza. Tena mishipa yake ya fahamu imekatwa, kwa hiyo mgonjwa hakohoi ipasavyo, na pale njia ya hewa iliposhonwa damu hufika kwa shida. Fangasi hupenda mahali kama hapo.

Ninachokiogopa ni rifampisini. Dawa hii ya TB hulifanya ini livunje dawa nyingine upesi. Takrolimasi, inayozuia mwili usilikatae pafu, hushuka kwenye damu. Vorikonazoli ya kutibu fangasi nayo huwa karibu na bure. Mwenye fangasi akianzishiwa dawa za TB kwa kubahatisha anaweza kulipoteza pafu lenyewe. Vorikonazoli nayo ina yake: hupandisha takrolimasi kwenye damu, hata dozi ya takrolimasi hushushwa hadi kama theluthi moja. Asiyelijua hilo ataua figo za mgonjwa, maana takrolimasi ikizidi huziharibu. (Sisi wa dirisha la dawa ndio tungepaswa kupiga kelele, lakini mara nyingi cheti hutufikia bila maelezo.)

Naomba waraka wa ukurasa mmoja kwa kliniki zote za TB: aliyepandikizwa kiungo chochote asipewe rifampisini kabla makohozi hayajapimwa TB na fangasi, na kabla waliompandikiza hawajapigiwa simu. Ikithibitika ni TB, wao watasema kama rifabutini inafaa, maana haishushi sana takrolimasi. Pia kipimo cha takrolimasi kipatikane katika hospitali za kanda, majibu yatoke upesi.

Rasimu ya waraka ninayo. Nitaileta Dodoma siku yoyote utakayoniita.

Mfamasia, Dar es Salaam