Kiti cha mtumba kilichompasua mwanangu mdomo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wazazi wenzangu, hasa tulionunua vile viti vya mtumba vya kumfungia mtoto kwenye gari kule Kariakoo.

Nina gari aina ya Toyota IST, naishi Tabata. Mwaka jana binti yangu alipotimiza miezi minne nilinunua kiti kimoja kwa shilingi 70,000. Muuzaji alikipiga kofi akasema, "Kitu cha Japani hiki, kaka." Japani kweli, maana maandishi yote yalikuwa ya kwao na sikuambulia hata neno. Nikakiweka siti ya nyuma, mtoto akitazama mbele ili amwone mama yake, nikapitisha mkanda wa gari pale ulipokubali kupita. Nikajiona baba wa maana.

Miezi mitano baadaye, Barabara ya Sam Nujoma, bodaboda akanikatia mbele. Sikuwa na mwendo wa kutisha. Nilikanyaga breki tu, kiti kikapinduka na mtoto ndani, akagonga mdomo kwenye mgongo wa siti ya mbele. Mke wangu hakunisemesha mpaka nyumbani.

Usiku ule ndipo nilipokichunguza. Ubavuni kilikuwa na alama za rangi, na michoro ambayo haihitaji Kijapani. Buluu ni njia ya mkanda mtoto akitazama nyuma ya gari, nyekundu ni akitazama mbele. Mimi sikuwa nimepita kwenye buluu wala nyekundu. Na mtoto wa umri ule alipaswa kutazama nyuma: kichwa chake ni kizito, shingo bado laini, na gari likigonga, mgongo wa kiti ndio unaopokea kichwa, shingo na mwili kwa pamoja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129 inataka akae hivyo mpaka apite miezi 15. Ila asiwekwe hivyo siti ya mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, maana ukifumuka unakipiga kiti kwa nyuma, kichwani pake.

Nilipovua kitambaa nikakuta ufa mrefu kama kidole, na mwaka 2009 umechapwa kwenye plastiki. Watengenezaji wengi huviwekea viti ukomo wa miaka 6 hadi 10. Wala sikuwa nimejiuliza kama gari kilimotoka liliwahi kugongwa.

Kipya nimekinunua kwa kujibana. Nikishakifunga nakishika pale mkanda unapopita na kukitikisa. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, naanza upya. Mikanda ya mtoto naijaribu begani kwa vidole viwili: nikiweza kuukunja utepe, bado umelegea. Ugomvi wetu mkubwa ni blanketi. Mama mkwe humvingirisha mtoto blanketi la manyoya, Februari, jua la Dar likiwaka, halafu anataka tufunge mkanda juu yake. Likibonyea, mkanda unabaki unaning'inia. Tumekubaliana kanga, tena ifunikwe juu baada ya mkanda kufungwa.

Wapo wanaoniambia kwa foleni hizi hakuna mwendo wa kuua mtu. Saa nne usiku Sam Nujoma haina foleni, na gari la kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta ni sawa na kuanguka kutoka mita kumi hivi, yaani ghorofa ya tatu. Hapo hakuna mama wa kumshikilia mtoto mapajani.

Trafiki wamenisimamisha mara nyingi. Wanaulizia leseni, bima, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu. Kiti cha mtoto hakuna aliyewahi kukitupia jicho. Magari tumeyatoa Japani, ila sheria yao ya tangu 2000, inayotaka mtoto wa chini ya miaka 6 awe na kiti chake, haikupanda meli.

Kile cha zamani nilikikata mikanda yote kwa kisu kabla ya kukitupa. Muokota chupa alikuwa ameshasimama getini akikipima kwa macho.

Baba wa mtoto mmoja,
Tabata, Dar es Salaam