Tope la mfereji lisilale ukingoni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu usafi wa katikati ya Jiji la Arusha, kuanzia Mnara wa Saa kufuata Barabara ya Sokoine hadi Kilombero, pamoja na mitaa inayozunguka Soko Kuu. Mjadala wa usafi mjini kwetu huishia kwenye mambo mawili: wananchi hawana ustaarabu, na faini iongezwe. Watupaji ovyo wapo, hatuwatetei. Lakini mtu wa fagio na beleshi anajua kuwa uchafu mwingi unaoonekana saa nne asubuhi ni ule ule ulioshaondolewa mara moja, ukarudi.

Tuanze na mchanga, maana ndiko kuliko na kazi. Jiji letu limekaa kwenye mteremko wa Meru. Mvua ikinyesha, maji hushuka kutoka kaskazini kwenda kusini kwa kasi, yamebeba udongo mwepesi wa majivu ya volkano, kokoto na chochote kilichoachwa njiani. Yakiwa na kasi hubeba. Yakipoteza kasi huangusha. Ndiyo maana mfereji haujai sawasawa mahali pote. Hujaa pale mteremko unapolegea, pale unapokata kona ya ghafla, na kwenye mdomo wa kalavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara. Ili mfereji ujisafishe wenyewe, maji yanapaswa kwenda walau mita 0.6 kwa sekunde, na sakafu ishuke angalau nusu sentimita kwa kila mita moja ya urefu. Penye chini ya hapo, zibua leo, zibua kesho, mchanga utakusubiri palepale. Dawa yake ni kuunasa kabla haujafika: shimo la zege upande wa juu wa mtaa, urefu kama mita 1.5, sakafu yake ikiwa chini ya sakafu ya mfereji kwa sentimita 50 hadi 60. Mchanga ukiangukia humo unachotwa sehemu moja yenye nafasi ya kuegesha gari, badala ya kufukuzwa mita mia tatu mbele ya milango ya maduka.

Sasa tazama namna tunavyozibua. Vijana hupita na mabeleshi, wanatoa tope na kulirundika ukingoni ili likauke. Baada ya siku mbili tatu linakanyagwa, matairi yanalisambaza, vumbi linaingia madukani, na mfagiaji anapofika analisukuma kwenye shimo lililo karibu yake, yaani mfereji uleule. Mvua ikitangulia kabla ya hapo, inafanya kazi hiyo kwa dakika kumi.

Si uvivu. Ni hesabu ambayo haikufanywa. Mfereji wenye upana wa sentimita 60 ukijaa mchanga kimo cha sentimita 20, kila mita 100 zina mita za ujazo 12. Tope bichi lina uzito wa takribani tani 1.7 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo hapo pana kama tani 20: safari tatu kamili za lori la tani saba. Kazi ikilipwa kwa mita zilizozibuliwa bila fungu la kusomba, kilicholipiwa ni tope kuhama nusu mita. Mkataba useme wazi kwamba mita moja haihesabiki kuwa imezibuliwa mpaka tope lake liwe limeondoka barabarani, siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama.

Inawezekana bila mitambo. Tandika turubai kabla ya kuchota, tope lisishike lami. Jaza viroba nusu tu, kilo 25 hadi 30, mtu mmoja aweze kubeba bila kuumia mgongo. Kiroba kilichojaa pomoni hupasuka au huachwa. Guta lisombe hadi eneo la kukaushia lenye sakafu ya zege, ambapo maji yanayochuruzika yanapita kwenye shimo la mchanga kabla ya kutoka. Likishakauka ndipo lori liende dampo la Muriet na mzigo mkavu, si kusafirisha maji. Na uzibuaji uanzie chini kupanda juu. Ukianza juu, kila unachokiachia kinateremka kuziba kalavati ambayo hujaifikia, na maji hayana pa kutokea unapofanya kazi.

Jambo la pili ni vifuniko. Vile vya chuma vinaibwa na kuuzwa vyuma chakavu, hilo linajulikana. Lisilosemwa ni kwamba hata vya zege vingi vimetengenezwa vibaya kwa kazi ya usafi. Kifuniko cha mita moja kwa sentimita 60, unene wa sentimita 10, kina uzito unaokaribia kilo 145. Hakuna watu wawili watakaokiinua, hivyo hakiinuliwi, hivyo chini yake hakusafishwi. Siku mfereji ukifurika kinavunjwa kwa nyundo, vipande vinadumbukia ndani, na hapo pamebaki shimo la kuvunja mguu wa mpita njia. Kikatwe kiwe sentimita 50 kwa 60: kilo 72, watu wawili wanakimudu kwa ndoano. Nondo za milimita 10 kila baada ya sentimita 15, upande wa chini wa kifuniko (mafundi wengine huziweka katikati, kikapasuka gari likipanda), zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), matundu mawili ya ndoano, na kimwagiliwe maji siku saba kabla ya kukigusa. Wenye maduka nao wanatukwamisha: wanaunganisha vifuniko kwa saruji na kupandisha vigae juu yake ili baraza ipendeze. Baraza inapendeza kweli, mpaka masika. Kibali cha kutengeneza mbele ya duka kidai angalau kifuniko kimoja kinachofunguka kila mita tatu.

Kuhusu ratiba, kosa ni moja na linarekebishika bila kununua chochote. Wafagiaji wanaanza saa 11 alfajiri na kumaliza saa moja au mbili. Maduka yanafunguliwa baadaye, kila mmoja anafagia vumbi na vipande vya maboksi kutoka ndani hadi nje, na barabara iliyokuwa safi inaanza siku ikiwa chafu. Mpangilio ugeuzwe. Duka lifagiliwe jioni kabla ya kufunga, taka zifungwe na kutolewa saa 12 hadi saa moja jioni, gari lipite saa mbili hadi saa nne usiku wakati magari ni machache, kisha fagio la alfajiri lije mwisho. Gari likitangulia fagio, vilivyodondoka wakati wa kupakia vinafagiwa. Likifuata nyuma ya fagio, tumefagia bure. Wafagiaji wengi ni akina mama, kwa hiyo taa za barabarani ziwake na usafiri wao wa alfajiri uhesabiwe ndani ya gharama. Vizibao vya kung'aa peke yake havitoshi.

Mapipa tusiyapende mno. Pipa la lita 200 likijaa mabaki ya mboga na maganda ya ndizi linafika kilo 60 au zaidi, na kulipandisha kwenye lori ni kuomba ajali. Lita 100 zinatosha, lenye matundu chini ya kutoa maji na mfuniko uliofungwa kwa mnyororo. La plastiki lisiwekwe karibu na wachoma mahindi, chipsi na mishikaki: mkaa ulioonekana umezima unayeyusha pipa usiku. Hapo panahitajika debe au pipa la chuma la majivu peke yake, lenye mchanga kidogo chini.

Maji ya vyombo ya mama lishe ndiyo yanayoleta ile harufu ya mchana. Mafuta yakipoa hugandia ukutani mwa mfereji, mchanga na vifuniko vya chupa vinanata humo, na ukuta unakua kuelekea katikati. Kuwafukuza akina mama hakujawahi kutibu hili. Wanahamia mtaa wa pili na mafuta yao. Kila kundi la vibanda lipewe sinki moja la pamoja lenye wavu wa kuzuia chakula, na kisanduku cha zege chenye vyumba viwili ambamo maji yanakaa walau nusu saa kabla ya kutoka. Mafuta yanaelea, yanakwanguliwa kila wiki. Kisipokwanguliwa kwa wiki hata tatu kitakuwa kibaya kuliko kutokuwapo, hivyo jina la anayehusika liandikwe ukutani. Kisanduku hicho kiunganishwe na bomba la majitaka, kamwe si na mfereji wa mvua, kwa sababu mifereji yetu inamwaga kwenye mito ya Naura na Themi, na Themi inaingia Mto Kikuletwa, ambako wapo wanaomwagilia mashamba.

Vitofali vya njia za waenda kwa miguu tutavisema kwa kifupi. Vya unene wa sentimita 6 ni vya miguu; penye kuegesha magari ni sentimita 8, na ukingo wa zege usiosogea. Mchanga wa kwenye maungio ukiondolewa kwa mpira wa maji wenye nguvu, vitofali vinacheza na kuzama. Urudishiwe mchanga mkavu kwa fagio. Na anayechimba kupitisha bomba au waya afukie kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe, ndipo apange vitofali.

Yapo na maua ya mijakaranda, fahari ya mji huu kila Oktoba. Yanadondoka vuli inapoanza, yanalala bapa juu ya nyavu za mifereji, na maji hayapiti. Miezi hiyo nyavu zilizo chini ya miti zikaguliwe kila siku.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, na taka ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo tope linaloinuliwa kutoka mferejini linavuka mpaka wa ofisi mbili. Tunapendekeza zikae meza moja kabla ya bajeti ya Julai, ziandike nani analipia lori, na ziweke tarehe mbili za uzibuaji mkubwa: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli.

Ni sisi wasomaji wenu,
Mafundi wa mifereji na wasimamizi wa usafi, Arusha