Mpira wa Maji Ndani ya Ndoo ya Farasi: Kwa Nini Vali ya Kwenye Koki Haitoshi

Katika mazizi mengi ya farasi tunayohudumia nchini Uingereza, mpira mmoja wa maji hufanya kazi kutwa nzima: hujaza ndoo za kunyweshea, huosha miguu ya farasi aliyetoka kwenye matope, hulowesha nyasi kavu, na jioni husafisha sakafu yenye kinyesi. Farasi mkubwa hunywa takriban lita 25 hadi 50 kwa siku, kutegemea hali ya hewa na kazi anayofanya, kwa hiyo ni kawaida kabisa kumkuta mtu ameutumbukiza mpira ndani ya ndoo, akafungua koki na kwenda kushika kazi nyingine huku ndoo ikijaa. Hapo ndipo kanuni za maji zinapovunjwa, na wengi wanaotuita huwa hawajawahi kuelezwa hivyo.

Maji ya bomba hayaendi upande mmoja kwa sababu tu bomba lilijengwa hivyo, bali huenda kule presha inakoyasukuma. Bomba kuu likipasuka barabarani, au kikosi cha zimamoto kikifungua maji mengi kwa ghafla, au kampuni ya maji ikifunga njia ili kufanya matengenezo, presha hushuka na maji yaliyomo bombani huanza kuteremka kuelekea mahali palipo chini. Mteremko huo hufyonza kila kilichoko nyuma yake. Zizi lililo juu ya kilima huwa hatarini zaidi, kwa kuwa uzito wa maji yenyewe huongeza mvuto.

Chukua pipa la kuloweka nyasi. Wavu wa nyasi umelala ndani tangu asubuhi, maji yamekuwa ya kahawia, vumbi na vipande vya majani vinaelea juu, na ncha ya mpira imezama karibu na kitako cha pipa huku koki ikiwa wazi. Presha ikishuka wakati huo, maji hayo ya kahawia hupanda ndani ya mpira, hupita kwenye koki na kuingia katika bomba. Mazizi mengi ya vijijini hutumia bomba moja na nyumba ya mwenye shamba, na mara nyingine na nyumba za majirani pia. Presha ikirejea, maji yaliyofyonzwa husukumwa tena, safari hii kuelekea kwenye sinki la jikoni la mtu ambaye hana habari.

Kuna pia njia ya pili, ambapo maji machafu hayafyonzwi bali husukumwa. Mashine ya kuoshea kwa presha au pampu ya kisima ikiunganishwa vibaya na bomba la kampuni inaweza kuishinda presha ya bomba hilo. Tunapokuta maji ya kisima au ya mvua yameunganishwa na maji ya kampuni kwa koki moja tu ya kufunga na kufungua katikati, tunashauri muunganisho huo ukatwe mara moja, kwani usalama wa watu wote wa eneo hilo unategemea mtu mmoja akumbuke kufunga koki.

Hatari tunayoizungumzia ni ya magonjwa halisi. Kinyesi cha wanyama kinaweza kubeba bakteria wa aina ya E. coli O157, Salmonella na Campylobacter, pamoja na kimelea kiitwacho Cryptosporidium, ambacho klorini inayotiwa katika maji ya bomba haikiui kwa urahisi. Mkojo wa panya, ambao hawakosekani palipo na chakula cha farasi, unaweza kuwa na bakteria wa Leptospira. Farasi wenyewe nao huambukizana ugonjwa wa matezi ya koo, unaosababishwa na Streptococcus equi, kupitia maji na ndoo wanazochangia. Ncha ya mpira inayotumbukizwa katika ndoo moja baada ya nyingine hubeba ugonjwa huo kutoka banda hadi banda, hata pale ambapo presha haijashuka kamwe.

Kwa Uingereza na Wales, sheria inayohusika ni Kanuni za Usambazaji wa Maji (Vifaa vya Maji) za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina kanuni zao zenye shabaha hiyo hiyo. Kanuni hizi huyagawa maji katika makundi 5 kwa kadiri ya hatari yake. Kundi la 1 ni maji safi ya kunywa yanayoletwa na kampuni. Kundi la 5 ndilo la hatari kubwa kabisa kwa afya, na humo ndimo yalimowekwa maji yaliyogusana na kinyesi, yakiwemo maji ya hori la kunyweshea wanyama. Kinachoamua kundi ni kile ambacho ncha ya mpira inaweza kukigusa, wala si usafi wa zizi kwa macho au uangalifu wa wafanyakazi. Kwa sababu hiyo, hata mtu mwenye farasi mmoja tu nyuma ya nyumba yake, anayemnywesha kwa mpira wa bustani, yumo ndani ya kundi la 5.

Hapa ndipo kosa linalojirudia zaidi linapotokea. Mwenye zizi husikia habari za maji kurudi nyuma, hununua koki iliyojengewa vali maradufu ya kuzuia maji kurudi, huifunga, kisha hutulia. Vali hiyo ni nzuri kwa kazi yake, lakini inakubalika kwa hatari ya hadi kundi la 3 tu, kama vile koki ya bustani ya nyumba ya kawaida. Vali kubwa zaidi, ile ya RPZ (yaani vali yenye sehemu ya kati ya presha iliyopunguzwa), ambayo lazima ipimwe kila mwaka na mtu mwenye idhini, huishia kundi la 4. Vifaa hivi vina sehemu zinazosogea, na chembe moja ya mchanga au kutu inaweza kuizuia sehemu hiyo isifunge sawasawa bila mtu yeyote kutambua. Kwa kundi la 5, kanuni hudai kitu kisichoweza kukwama: mwanya wa hewa ulio wazi kati ya maji safi na maji mengine yote.

Katika zizi linalotumia mpira, mwanya huo hupatikana kwa kuweka tangi. Maji ya kampuni huingia juu ya tangi kupitia koki ya boya, yakidondoka hewani kabla ya kuyafikia maji yaliyomo, na tundu la kufurikia hukatwa pana ubavuni ili maji yasiweze kamwe kupanda hadi kwenye mdomo wa bomba. Urefu wa mwanya huo usipungue milimita 20, au mara mbili ya kipenyo cha ndani cha bomba linaloingiza maji, kipimo kilicho kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili. Kutoka hapo pampu husukuma maji hadi kwenye koki zote za mazizini, na hata mpira ukizama ndani ya pipa la nyasi, uchafu hauwezi kuruka mwanya huo na kulifikia bomba la kampuni. Tunasisitiza, hata hivyo, kwamba maji yakishapita kwenye tangi hayahesabiki tena kuwa ya kunywa binadamu. Koki ya chumba cha chai ibaki moja kwa moja kwenye bomba la kampuni, na koki za mazizini ziwekewe alama inayosomeka.

Hori lenye boya lake ni rahisi zaidi, kwa kuwa mwanya unaweza kujengwa ndani ya hori lenyewe, mradi mdomo wa bomba uwe juu ya ukingo ambapo maji hufurikia na boya lilindwe dhidi ya meno na kwato. Mahori ya zamani, ambayo bomba huingilia kutoka chini na kuzama majini, hubadilishwa.

Wateja hutuuliza kama bastola ya kunyunyizia, au ndoano ya kuning'iniza mpira ukutani, inaweza kuchukua nafasi ya tangi. Vyote viwili ni vya kuwekwa leo hii, kwa sababu vinapunguza hatari na ni vya bei nafuu, lakini mbele ya kanuni havihesabiki kuwa kinga ya kundi la 5.

Wajibu wa kisheria uko kwa mwenye mali, kwa anayeitumia, na kwa fundi anayefunga vifaa. Kampuni ya maji ina haki ya kuingia na kukagua, na anayevunja kanuni anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000 kwa kila kosa. Kwa jengo lisilo nyumba ya kuishi, kampuni hiyo sharti iarifiwe kabla ya mfumo wa maji kuongezwa au kubadilishwa. Isipojibu ndani ya siku 10 za kazi, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Baadhi ya kazi hazihitaji taarifa hiyo zikifanywa na fundi aliyeidhinishwa, ambaye hupatikana katika rejista ya WaterSafe. Fundi huyo hutoa hati ya kuthibitisha kwamba kazi yake inafuata kanuni, na hati hiyo humlinda mwenye zizi kisheria iwapo kazi itaonekana baadaye kuwa na kasoro, kwa hiyo ihifadhiwe vizuri.

Kabla hatujaja kukagua, tunaomba picha za kila koki na kila hori, maelezo ya mahali bomba la kampuni linapoingilia na nyumba zinazolichangia, pamoja na idadi ya farasi na koki zinazofunguliwa kwa wakati mmoja asubuhi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamua ukubwa wa tangi na nguvu ya pampu.